Fortran na Wasomaji Wake

Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga kilichopewa jina Hidaya kilipokuwa kikijongea pwani ya Tanzania, vyombo vya abiria baina ya Dar es Salaam na Unguja vilizuiliwa bandarini, wavuvi wakaaswa wasitoke, na watu wa Mafia, Kilwa na Mtwara wakakaa wakingoja, macho yao matlai. Onyo lile lilitangulia upepo kwa siku kadhaa, na halikutoka kwa manahodha wajuao rangi ya mawimbi, ijapokuwa hao nao wana ilimu yao isiyopaswa kudharauliwa. Lilitoka katika hesabu ndefu zilizofanywa na kompyuta kuu za ng'ambo, na nyingine ndogo zaidi za kwetu, na sehemu kubwa ya hesabu hizo iliandikwa kwa lugha ambayo kompaila yake ya kwanza, ile programu ya kuifasiri kwa mashine, ilitolewa Aprili 1957, yaani zaidi ya miaka minne kabla ya Tanganyika kujitawala. Lugha hiyo ni Fortran, na hakuna mwaka upitao bila mtu kuitangazia mauti.

Vijana wanaonijia kwa ajili ya kazi za hesabu za hali ya hewa huniuliza, kwa adabu lakini kwa mashaka yaliyo wazi usoni, lugha hii ina mustakabali gani hata wapoteze miezi ya ujana wao kuisoma. Jawabu langu nalitoa mapema ili msomaji asinitafute katikati ya maneno. Fortran ina miongo mingi mbele yake, ila itakuwa lugha ya fani moja wala si ya umma wote. Hatari iliyo mbele yake ni kukosa watu wawezao kuisoma, na hatari hiyo itatufika sisi wa Afrika Mashariki kabla ya kuwafika wale walioiunda.

Atakaye kujua kwa nini lugha ya umri huo ingali na nguvu, hana budi kurejea kwenye hofu iliyoizaa. John Backus na kundi lake dogo katika kampuni ya IBM, ambamo alikuwamo pia Lois Haibt, mwanamke kijana aliyepewa sehemu ya kuchunguza mkondo wa programu, walifanya kazi yao zama ambazo waandishi wa programu waliandika amri moja moja katika lugha ya mashine, na walijivunia ustadi huo kama fundi wa majahazi ajivuniavyo tezo yake. Wengi wao hawakusadiki kwamba mashine yaweza kuzifasiri fomula za hesabu ikatoa kazi yenye kasi ya kulingana na kazi ya mkono. Backus alitambua kwamba lugha yake, ikizaa programu za polepole, haitapata hata mteja mmoja. Kwa hiyo aghalabu ya jitihada ya kundi lile ilitumika katika kuifanya kompaila iwe hodari wa kupanga upya kazi iliyokabidhiwa, na uzuri wa lugha yenyewe ukaja baadaye, kama ulikuja. Tabia hiyo ya utotoni haijaiacha Fortran hata leo.

Siri ya uhodari huo naweza kuieleza kwa mfano wa karani wa forodha. Amepewa daftari mbili, moja ya masanduku ya kutolewa jahazini, ya pili ya masanduku ya kupangwa upya ghalani. Akiwa na yakini kwamba hakuna sanduku lililoandikwa katika daftari zote mbili, huwaita wapagazi thelathini wakafanya kazi kwa mkupuo mmoja. Akiwa na shaka kwamba sanduku moja huenda limeandikwa kwa majina mawili, hana budi kumtuma mpagazi mmoja, amngoje arudi, ndipo amtume wa pili, wasije wakahamisha kitu ambacho hakijahesabiwa. Kanuni ya Fortran humpa karani yakini: programu ndogo inapopokea majedwali mawili ya namba, mwandishi haruhusiwi kuligeuza moja kwa kupitia jina la jingine, na kompaila ina ruhusa ya kuyachukulia kuwa vitu viwili visivyoingiliana. Lugha ya C humwacha karani katika shaka, kwa kuwa pointa mbili zaweza kuelekea mahali pamoja katika kumbukumbu ya mashine. Na ni katika kanuni za mwaka 1999 ndipo C ilipoongeza neno restrict, ambalo kwalo mwandishi humwapia karani kwamba masanduku hayachanganyiki. Yaani C ililazimika kuazima kwa kiapo kile ambacho Fortran ilizaliwa nacho.

Na modeli ya hali ya hewa, kwa asili yake, ni ghala la masanduku. Anga la dunia hukatwa vipande vidogo vidogo, kwa marefu, kwa mapana na kwa kwenda juu. Kila kipande huandikiwa joto lake, unyevu wake, mgandamizo wake na mwendo wa upepo wake. Kisha milinganyo ya mwendo na ya joto hukokotolewa kwa kila kipande, tena na tena, hatua za wakati zikiwa dakika chache chache, mpaka siku kumi zitimie. Tangu Fortran 90, jedwali zima la namba laweza kujumlishwa na jingine kwa mstari mmoja, sawa na mwanahesabu aandikavyo katika daftari lake. Haishangazi basi kwamba modeli ya Kituo cha Ulaya cha Utabiri wa Hali ya Hewa, modeli ya idara ya Uingereza, ile ya Ujerumani iitwayo ICON, na ile WRF inayotumiwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na ofisi nyingi za nchi zisizo tajiri, zote kwa sehemu kubwa zimeandikwa kwa Fortran.

Watu huilaumu lugha hii kwa mambo mengi, na si yote ni ya insafu. Lawama ya kwanza ni ya sura: husemwa kwamba ni lugha ya kadi za kutobolewa, yenye herufi kubwa tupu, ambayo amri yake sharti ianze katika safu ya saba na isivuke ya sabini na mbili. Hayo yalikuwa kweli. Lakini anayeihukumu Fortran ya leo kwa kurasa za FORTRAN 77 alizozikuta katika kabati la mwalimu wake ni sawa na mtu anayekihukumu Kiswahili cha magazetini kwa nyaraka za Kimvita zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kanuni zilizotangazwa 1991 ziliondoa sharti la safu. Za 2003 zilileta njia rasmi ya kushirikiana na C. Za 2008 zilileta namna ya kugawa kazi kwa mashine nyingi ndani ya lugha yenyewe. Na za karibuni zilitoka Novemba 2023. Kizee hakitolewi nguo mpya mara nyingi kiasi hicho kama watu wake wamekwisha kukata tamaa.

Lawama ya pili nimeionja mwenyewe, na katika hiyo simtetei mtu. Kwa desturi ya kale, kigeu ambacho mwandishi hakukitangaza huhesabiwa kuwa ni cha namba kamili iwapo jina lake laanza kwa herufi yoyote kuanzia I mpaka N, na cha namba zenye desimali iwapo laanza kwa herufi nyingine. Mimi, katika ujana wangu, niliona fahari kuviita vigeu vyangu kwa Kiswahili: mvua, joto, kasi, upepo. Msomaji na ahesabu herufi. Mvua huanza kwa M, joto kwa J, kasi kwa K. Zote zikakatwa desimali bila hodi, milimita 12.7 zikawa 12, nyuzi 27.8 zikawa 27, na upepo peke yake, kwa sudi ya herufi U, ukasalimika. Jumla za mvua za mwezi zikawa pungufu mwezi baada ya mwezi, na mkubwa wangu katika ofisi ile alituma fundi kwenye vituo viwili kukagua vipimio, akidhani vinavuja. Wiki tatu zilipita kabla sijagundua kwamba kilichovuja kilikuwa alfabeti. Dawa ya ugonjwa huu ni maneno mawili, implicit none, yawekwayo juu ya programu, ambayo huilazimisha kompaila ikatae kila kigeu kisichotangazwa. Yamo katika kanuni tangu Fortran 90, na bado naona misimbo mipya isiyo nayo. Taksiri hiyo ni ya waandishi.

Kuna na kisa cha chombo Mariner 1, ambacho Wamarekani walikirusha kuelekea Zuhura tarehe 22 Julai 1962 na wakakilipua wenyewe kabla dakika tano hazijatimia kwa kuwa kilikuwa kimepotea njia. Husimuliwa mpaka leo madarasani kwamba kiliangamizwa na programu ya Fortran ambamo mtu aliandika nukta badala ya mkato. Kosa la nukta na mkato lipo katika hadithi nyingine ya enzi ile ile, ya programu ya kukokotoa njia za vyombo vya Mercury, na liligunduliwa kabla halijadhuru. Mariner iliponzwa na alama iliyoachwa katika kunakili milinganyo ya uongozaji, kistari kidogo cha juu ya herufi, pamoja na hitilafu ya mitambo ya redio. Hadithi mbili ziliungana kwa sababu ya kufanana, na Fortran ikarithi dhambi isiyo yake.

Lawama ambayo vijana huitegemea zaidi ni kwamba Python imekwisha kuchukua mahali pake, na kwamba akili mnemba itamaliza kilichosalia. Kuhusu Python, ni kweli kwamba kazi ya kusoma takwimu, kuchora ramani na kuunganisha hatua za kazi imehamia huko, na imehamia kwa haki. Walakini mtu akitatua mfumo wa milinganyo kwa Python, aghalabu amri yake huteremka mpaka kwenye LAPACK, maktaba ya hesabu za majedwali iliyoandikwa kwa Fortran. Na ijapokuwa waandishi wa SciPy wamekuwa wakiondoa vipande vya Fortran vya zamani na kuviandika upya, hawafanyi hivyo kwa kuwa vilikuwa vibaya katika hesabu, bali kwa kuwa wanaoweza kuvitunza wamepungua. Nitalirudia jambo hili, maana ndipo kilipo kiini cha maneno yangu.

Kuhusu akili mnemba, modeli za Pangu-Weather na GraphCast, zilizochapishwa 2023, zilionyesha kwamba mashine iliyofunzwa kwa takwimu yaweza kutabiri siku kumi kwa dakika chache tu na kuzishinda modeli za kawaida katika vipimo vingi. Na Kituo cha Ulaya chenyewe kilianza rasmi kutumia modeli yake ya namna hiyo, AIFS, tarehe 25 Februari 2025. Haya ni maendeleo makubwa, na mwenye kuyabeza ana ghururi. Ila tuulize modeli hizo zilifunzwa na nani. Zilifunzwa kwa ERA5, hazina ya hali ya anga tangu 1940, saa kwa saa, ambayo haikupimwa kwa vipimio peke yake, kwa kuwa hakuna kipimio kila mahali angani na baharini. Ilitengenezwa kwa kuzichukua hesabu za modeli ya Kituo cha Ulaya, iliyo ya Fortran, na kuzisuluhisha na vipimo vya vituo, meli, ndege na setilaiti. Mwanafunzi amekuwa mwepesi kuliko mwalimu, nasi tunashangilia; lakini kitabu alichosomea kimeandikwa na mwalimu, na kurasa mpya za kitabu hicho mwalimu yule yule angali anaziandika.

Basi iko wapi hatari? Mwaka 2023 wataalamu wawili wa maabara ya taifa ya Los Alamos, Marekani, walitoa ripoti ya kupima hatari ya kuitegemea Fortran kwa miaka 15 ijayo. Kwa chipu za kawaida hawakuona tishio kubwa. Waliyoyahofia ni mawili: chipu za michoro, zile GPU ambazo sasa ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi katika kompyuta kuu mpya, ambazo watengenezaji wake hushughulikia C++ kwanza na Fortran baadaye, na si wote kwa bidii moja, na upungufu wa watu, kwa kuwa wahitimu hodari hawapendi kuajiriwa katika lugha ambayo hawakufundishwa. Hofu ya kwanza naiona ya kupita. Kompaila mpya ya Flang inazidi kukomaa, ICON imekwisha kufikishwa kwenye chipu hizo, na Waingereza wamejenga modeli yao mpya kwa namna ambayo mwanasayansi huandika Fortran iliyo wazi, kisha programu nyingine, PSyclone, huzalisha amri za kugawa kazi kwa mashine. Njia hiyo naisifu kuliko zote. Wapo waliochagua kuandika upya: wanasayansi wa Wizara ya Nishati ya Marekani waliiandika modeli yao ya SCREAM kwa C++, ikapata tuzo ya Gordon Bell ya tabianchi mwaka 2023. Nao siwalaumu, walikuwa na fedha, watu na miaka.

Asiyekuwa na vitatu hivyo na asithubutu, na sababu yake si lugha, ni anga lenyewe. Edward Lorenz, mwaka 1961, aliiendesha upya modeli yake ndogo akaingiza 0.506 mahali pa 0.506127, akarudi akakuta hali ya hewa nyingine kabisa. Kompaila mbili zikijumlisha namba zile zile kwa mpangilio tofauti, tarakimu ya mwisho hutofautiana, na tofauti hiyo, baada ya siku kadhaa za utabiri, huwa ni dhoruba iliyopo upande mmoja na isiyokuwapo upande wa pili. Kwa hiyo anayeifasiri modeli ya Fortran kwenda lugha nyingine, hata asipokosea herufi moja, atapata majibu yasiyolingana na ya kwanza. Naye atajuaje kama tofauti ile ni ya tarakimu ya mwisho au ni ya kosa lake? Hana njia ila kuendesha zote mbili mara nyingi na kulinganisha wastani na mtawanyiko wake, kazi inayodai mtu aijuaye fizikia na anayeisoma misimbo yote miwili. Wale wanaoahidi kwamba programu za akili mnemba zitafasiri mistari laki kadhaa usiku mmoja huahidi sehemu iliyo nyepesi.

Hapa ndipo jambo linapotugusa sisi. Katika ofisi zetu WRF huendeshwa na vijana hodari wanaojua kuisimika, kuilisha takwimu na kuchora ramani zake, lakini wengi hawajapata kufungua faili moja la fizikia yake. Na fizikia hiyo haikuandikwa ikilenga anga letu. Mpango wa mawingu wa Kain na Fritsch, mathalani, una nasaba na mpango wa 1980 uliokusudiwa mawingu ya latitudo za kati. Ilhali ngurumo za Ziwa Viktoria huzaliwa usiku, upepo wa nchi kavu unapoteremka kutoka kila upande na kukutana juu ya maji, na ndizo zinazowaangamiza wavuvi. Modeli ikikosea mvua ile, anayeisoma Fortran aweza kufuata kosa mpaka mstari unaoamua lini wingu lianze kupanda, akaurekebisha, akapima. Asiyeisoma hubadili namba katika faili la mipangilio, akajaribu chaguo la pili, la tatu, kisha akaandika katika ripoti kwamba modeli haifai kwa eneo hili. Huyo ni mpangaji. Nyumba si yake, na hata akiona ufa hana ruhusa ya kugusa ukuta.

Dawa ninazozipendekeza si za gharama. Chuo cha hali ya hewa cha Kigoma, Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo vingine vifundishavyo fani hii vitenge muhula mmoja wa Fortran ya kisasa ubavuni mwa Python, na mtihani wake uwe ni kusoma: mwanafunzi apewe programu ndogo ya mawingu, aeleze kila mstari wataka nini katika anga. Kila ofisi iendeshayo modeli imteue mtu mmoja, akistaafu asiondoke kabla hajamrithisha wa pili. Misimbo yetu wenyewe, ile midogo ya kukokotoa wastani wa masika na vuli iliyolala katika kompyuta za wastaafu, ikusanywe, iwekewe implicit none na majaribio, kisha atakaye kuifasiri aifasiri. Mwenye kunionyesha orodha ya umaarufu wa lugha, akasema Fortran imepanda au imeshuka, namwambia orodha hizo huhesabu mazungumzo, nasi shida yetu ni wasomaji.

Kompaila ya gfortran hupatikana bure, na msimbo wa WRF uko wazi kwa kila mtu. Ukiwa na jioni moja, fungua saraka iitwayo phys, lakini usianze na mawingu ya Kain na Fritsch, yatakuvunja moyo. Anza na faili module_mp_kessler, ambalo ni fupi, na ambalo laeleza jinsi mvuke unavyokuwa wingu na wingu linavyokuwa mvua.